Kifungu cha Thelathini na Moja

Gaborone, 11 Februari 2024

Mjomba Gabaake,

Nakuandikia nikiomba barua hii ikukute umeketi, maana kila ukisimama huko kambi ya mifugo huwa kuna ng'ombe aliyepotea. Sisi hapa hatujambo. Goti la mama limekubali dawa, ingawa hataki kulisifu mbele ya daktari asije akapunguziwa vidonge. Bado anauza maandazi yake ya magwinya karibu na shule, na anauliza kama yule ng'ombe wake mwekundu mwenye pembe moja ameshazaa. Mwambie ukweli, hata kama kazaa dume.

Barua hii nimempa Rra Kenosi, dereva wa lori la dizeli ya visima, mkononi. Huko kambini hamna mtandao, na hata mngekuwa nao, jambo hili nisingelisema kwenye simu.

Unajua kazi yangu wizarani ni kuchapa rasimu za sheria. Tangu mwaka jana nachapa Muswada wa Usajili wa Mifugo. Kila ng'ombe atavaa hereni ya sikio yenye namba, namba itaingia kwenye programu ya simu ya kampuni iitwayo Dinakana, na bila namba hiyo ng'ombe hauzwi wala hachinjwi. Hereni ni za bure kwa miaka mitatu.

Kuna jukwaa mtandaoni ambako wanasheria, watu wa kompyuta, wafugaji na wavivu wa maofisini hubishana juu ya sheria za teknolojia. Mjomba, nimekuwa nikiandika huko kwa jina la Mogatla. Ndiyo, Mkia. Nililichagua kwa sababu ukimtazama ng'ombe usoni mkia huuoni. Juzi alijitokeza bwana Tshiamo Radikgang, mpanga mikakati wa Dinakana, kwa jina lake kamili na picha yake yenye tai. Akaandika, "Mfugaji hatoi hata thebe moja. Nani anakataa zawadi?" Nikamjibu, "Kampuni haigawi hereni kwa mapenzi. Miaka mitatu inatosha watu kusahau namna ya kuuza ng'ombe bila ninyi. Mwaka wa nne mtataja bei, na sisi tutakuwa hatuna mlango mwingine." Mtu mwingine akaingilia, "Wewe Mkia unafuga nini, mbu?" Watu elfu nne wamesoma.

Swali langu ni moja. Ng'ombe kumi na wawili wa mama wako kwako kwa mafisa tangu baba afariki: wewe unawatunza, unawakamua, unapata ndama wako, lakini wao ni wa mama. Je, watu wa Dinakana, ambao wameanza kusajili hata kabla ya sheria kupita, wamefika huko? Kama wamefika, tafadhali usiwasajili wale kumi na wawili kabla hatujazungumza.

Mpwa wako,
Boikanyo

*

Setlhare, kambini, 3 Machi 2024

Boikanyo, binti wa dada yangu,

Nimekaa. Ng'ombe wote wapo, ila injini ya kisima inakohoa kuliko mimi. Mwambie mama yako Segametsi kuwa mwekundu amezaa jike, na pembe mbili zinaweza kuota, tusubiri. Mvua ilinyesha siku mbili ikakasirika ikaondoka. Maziwa mgando, madila, yapo mengi, na ningewapelekea kama Rra Kenosi asingekuwa mtu wa kuyanywa njiani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa hasira. Hoja zako ni nzuri. Lakini tangu lini mtu wa kwetu akasema akiwa na gunia kichwani? Kgotlani, kwenye baraza la kijiji, mtu husimama, huvua kofia, hutaja jina lake na wadi yake, ndipo aanze. Kgosi, mkuu wa kijiji, husikiliza wote, yeye husema mwisho. Hata mlevi husikilizwa, mradi tujue ni mlevi wa nani. Wewe una shahada, una jina alilokupa bibi yako, halafu unajiita mkia?

Kama utaendelea, basi mwulize huyo mwenye tai swali langu. Siku akifunga duka lake, au akimuuzia Mchina, namba za ng'ombe wangu zinabaki mikononi mwa nani? Mimi nikihama malisho, kumbukumbu za ng'ombe huhama nami kichwani. Za kwake zinahama na nani?

Uliuliza na jambo jingine, lakini Rra Kenosi anapiga honi.

Mjomba wako,
Gabaake

*

Gaborone, 19 Machi 2024

Mjomba,

Mama alimshangilia ndama hadi jirani akadhani tumepata msiba. Anakusalimu, na anasema umkague kwato. Mimi nimepungua kidogo. Ni joto tu.

Swali lako nililiweka jukwaani neno kwa neno, nikasema limetoka kwa mfugaji wa magharibi. Lilileta kelele ya wiki nzima. Radikgang alijibu, "Kumbukumbu ni mali ya aliyezikusanya." Mhadhiri mmoja wa sheria akamwambia, "Basi posta imiliki barua zangu." Watu walicheka, na mimi nikalewa kicheko chao. Nikaandika bila kupumua: "Someni kifungu cha 31. Atakayesajiliwa akiwa anashika ng'ombe ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye ng'ombe, na daftari la kampuni halitapingwa mahakamani. Wenye ng'ombe wa mafisa watakuwa hawana kitu."

Dakika kumi hazikupita. Mtu akauliza, "Mkia, kifungu cha 31 umekisoma wapi? Muswada uliochapishwa unaishia 28."

Mjomba, nilikuwa nimejisaliti mwenyewe. Ni kweli unaishia 28. Kabla ya kuchapishwa, vifungu vitatu vya mwisho viliondolewa. Ofisini walisema vitarudi baadaye kama kanuni, ambazo hazipiti bungeni wala hazipelekwi kgotlani. Zinahitaji sahihi ya waziri tu. Mimi nimeichapa rasimu ya kwanza mara sita kwa mikono yangu, namba zake zimenikaa kichwani kuliko namba ya nyumba yetu. Nililifuta andiko, lakini watu walikuwa wamekwisha kulipiga picha. Mfugaji hawezi kukosea namna hii, wala mwanasheria wa nje. Anayeweza ni mtu wa ndani aliyezoea namba za zamani. Rasimu ile tulikuwa nayo wanne, na watatu kati yetu hawajui hata kubadilisha wino wa printa.

Umesema nitaje jina. Wewe una ng'ombe, mimi nina mkataba wa ajira unaohuishwa kila Julai, na mama mwenye goti.

Hukunijibu kuhusu hereni. Wamefika au hawajafika?

Boikanyo

*

Setlhare, kambini, 14 Aprili 2024

Boikanyo,

Lori liliharibika, kwa hiyo barua yako imelala kwa fundi wiki tatu. Samahani. Mimi mzima, injini imepona, mbwa mmoja kafa kwa nyoka.

Nimesikia kuwa wizara inakuja kuujadili muswada kwenye kgotla ya kijiji tarehe 27. Nitakwenda.

Usiseme tena "wewe una ng'ombe". Hujui nina nini.

Kuhusu hereni, malisho bado yapo, lakini nyasi za upande wa kusini zimeanza kukauka.

Gabaake

*

Gaborone, 22 Aprili 2024

Mjomba,

Pole kwa mbwa. Mama anasema alikuwa yule aliyemng'ata padri, kwa hiyo hamlilii sana. Goti lake ni lile lile.

Nimekuuliza mara mbili kuhusu hereni nawe ukanijibu kuhusu nyasi. Sasa nami nakueleza yangu, tafadhali safari hii usiniambie habari za hewa.

Mkuu wangu, Rra Phuthego, alinikaribisha kiti juzi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanisukumia karatasi iliyochapwa tayari. Inasema kwamba mimi, karani mchapaji, nathibitisha rasimu zote za muswada huu zilikuwa na vifungu 28 tangu mwanzo.

Nikamwambia, "Rra, hii siyo kweli."

Akasema, "Mma, sikukuuliza kama ni kweli. Nimekuuliza kama una kalamu."

"Na nisiposaini?"

"Nani amesema hutasaini? Wewe ni mtoto mzuri. Watu wanatafuta Mkia, na mimi nimewaambia hapa kwetu hakuna mnyama." Akatabasamu. "Karatasi hii itawanyamazisha. Nikirudi kutoka kgotla ya Setlhare nataka niikute mezani."

Unaona anavyofanya. Anajua. Nikisaini, ninalindwa, na kila nilichoandika kinakuwa uongo wa mlevi asiyejulikana. Nisiposaini, ananitaja. Nimeipeleka karatasi nyumbani. Mama aliisoma taratibu, akauliza kifungu cha 31 kilisema nini. Nikamweleza. Akanicheka. "Ng'ombe wangu wako kwa kaka yangu. Kuna daftari gani zaidi ya hilo?" Akarudi kukanda unga wake.

Mimi ni mwoga, Mjomba. Shuleni nilipata alama kubwa kwa sababu niliogopa kupata ndogo. Nadhani nitasaini.

Boikanyo

*

Setlhare, kijijini, 29 Aprili 2024

Boikanyo, mwanangu,

Salamu zitakuja nyuma leo, nikianza nazo nitakimbilia kwenye mvua tena.

Walifika Novemba. Alikuja binti mmoja wa Dinakana mwenye kofia ya kampuni, mcheshi, akala nyama yangu ya seswaa akasifu. Akasimama kwenye zizi akauliza, "Mwenye ng'ombe ni nani?" Nikasema ni mimi. Nikasema hivyo kwa sababu anayesimama na ng'ombe ndiye anayejibu. Babu yako angejibu vile vile, na mwenye ng'ombe mwenyewe angekuwa pembeni hana hata wazo la kubisha. Nani anaanza kumsimulia mgeni mafisa za ukoo? Nikabonyeza kidole kwenye simu yake mara arobaini na tatu. Kumi na wawili kati yao ni wa mama yako.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilipanda hadi mlimani kwenye mtandao nikawapigia. Nikawaambia nimekosea, hawa ni wa dada yangu. Kijana akaniambia, "Mzee, kwenye mfumo hakuna kitufe cha hilo." Hicho ndicho nilichokuwa nakificha nyuma ya nyasi. Kifungu chako kikipita, mimi ni mwizi wa dada yangu kwa sheria, na nikifa wanangu wataurithi wizi huo kwa amani kabisa.

Sasa sikia ya kgotlani. Rra Phuthego alisoma muswada vizuri, ana sauti ya redio. Alipomaliza nilisimama nikavua kofia. Nikasema, "Mimi ni Gabaake Motlogelwa, wadi ya Goo-Tau. Naomba kujua habari za kifungu cha 31."

Akasema, "Mzee wangu, muswada huu una vifungu 28. Hiyo 31 ni porojo za mtandaoni. Sijawahi kuiona."

Nikamgeukia karani wa kgotla nikasema, "Andika hivyo. Ofisa amesema hajawahi kuiona, na kwamba haipo, na haitakuja."

"Sijasema haitakuja," akasema.

Mma Kelebonye yule muuza pombe akapiga kelele kutoka upande wa wanawake, "Basi unamngojaje mgeni ambaye hujawahi kumwona?" Kgotla nzima ikaanguka kicheko. Kgosi akagonga fimbo. Akaniambia, "Gabaake, neno lisilo na shahidi halikai kwenye kitabu changu. Nani amekuambia kifungu hicho kipo?"

Rra Phuthego akainua kichwa kama mbwa aliyesikia bakuli. Nikaelewa hicho ndicho alichokifuata maili zote hizi: jina lako, kutoka kinywani mwa mjomba wako.

Nikasema, "Kgosi, aliyeniambia simtaji. Lakini kama kifungu hicho ni porojo, basi mbona kimeshafanya kazi zizini kwangu? Shahidi ni mimi." Nikaeleza yote, mbele ya watu, Novemba, kidole, arobaini na tatu. Nikasema, "Kumi na wawili ni wa Segametsi, mnawajua, mliwaona akipewa na baba yetu siku ya arusi yake. Simu inasema ni wangu. Nimemwibia dada yangu bila kutoka kwenye kigoda."

Mma Kelebonye akasema, "Ndiyo maana umenunua shati jipya!" Nikavumilia. Halafu mzee mmoja akasimama, akasema hata yeye, wanane. Mwingine akasema ishirini. Walisimama wanaume tisa, mmoja mmoja, kwa majina, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe wa mtu. Karani alijaza kurasa nne. Kgosi alisema mwisho, naye alisema kifupi: wizara ijibu kwa maandishi, ndani ya mwezi, kifungu hicho kilikuwepo au hakikuwepo, na nani alikiondoa.

Kwa hiyo sasa karatasi yako ndiyo jibu wanalolitaka. Sikuambii usaini au usisaini. Nilikukaripia kwa gunia lako huku mimi nimejifunika blanketi zima. Mwambie mama yako kabla hajaambiwa na soko. Kama unaogopa, nakuachia mimi nimwambie, lakini usichelewe.

Mjomba wako, kwa aibu,
Gabaake

*

Gaborone, 13 Mei 2024

Mjomba,

Mimi ni mzima, na nimelala vizuri mara mbili wiki hii. Mama nilimsomea barua yako yote, hata sehemu ya shati. Aliondoa sufuria ya mafuta motoni. Kisha akasema, "Amesema hivyo kgotlani? Kwa sauti?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nimwache kidogo, nitamtukana tukionana." Jiandae.

Rra Phuthego alirudi Jumatatu iliyopita na vumbi la kwenu kwenye viatu. Safari hii hakunipa kiti.

"Karatasi iko wapi?"

"Hii hapa, Rra."

"Mbona haina sahihi?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, Mjomba, ya kisheria, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Kwa sababu nilikichapa. Kuanzia tarehe 16 Januari mwaka jana. Mara sita."

"Unajua nitafanya nini?"

"Utanitaja. Nimekupunguzia kazi."

Nikageuza simu nikamwonyesha. Asubuhi hiyo, kabla sijavua koti, nilikuwa nimeandika jukwaani: "Mimi ni Boikanyo Mogapi, binti wa Segametsi wa wadi ya Goo-Tau, karani mchapaji wa wizara. Mogatla ni mimi. Kifungu cha 31 kilikuwepo katika rasimu ya kwanza. Kiliondolewa kabla ya ninyi kukiona, na kinangojewa kama kanuni. Anayesema hakikuwepo aje aseme kwa jina lake." Nikakiandika kifungu chote chini yake, hadi mkato wake wa mwisho.

Radikgang alikuwa wa kwanza kujibu. "Huu ni uvujishaji wa siri za serikali."

Yule mhadhiri hakukawia. "Asante, bwana. Kwa hiyo kipo."

Kisha wakaandika wengine. Mwalimu wa Kanye, ng'ombe wanne kwa shemeji. Mjane wa Tonota, kumi na tisa kwa mtu ambaye hamkumbuki sura. Dereva, nesi, mchungaji wa kanisa. Hakuna aliyetumia jina la kubuni. Hadi jana walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na mtu mmoja amewapanga wote kwenye orodha na kuipeleka kwa Kgosi wenu na kwa wabunge. Wizara imetangaza kwenye redio kwamba itatoa "ufafanuzi". Dinakana imesema inatengeneza kitufe. Nimewaandikia kwamba hatutaki kitufe chao, tunataka daftari lenyewe.

Sasa upande wangu. Nimesimamishwa kazi. Ninalipwa nusu mshahara, na ufunguo wa ofisi nimeurudisha. Tarehe 28 nitakwenda mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kutoa siri. Kosa hilo nimelifanya kweli, na wakili wa chama cha wafanyakazi anasema naweza kufukuzwa hata kama nina haki. Naogopa, Mjomba. Bado ni yule yule. Nikisikia gari nje nachungulia. Lakini karatasi ile ningeisaini, ningekuwa naogopa vile vile, na ng'ombe wangekuwa wako.

Barua ya kamati inasema naweza kuleta shahidi mmoja. Najua ulitarajia nikuite wewe. Nilitaka. Mama alinipokonya kalamu, akajaza jina lake mwenyewe kwenye fomu, na palipoandikwa "uhusiano wa shahidi na shauri hili" akaandika kwa herufi kubwa: MWENYE NG'OMBE.

Boikanyo Mogapi